Miezi Sita Bila Mkutano

Asubuhi ya Agosti 28, 2010, shangazi alinituma Uhuru Park nikamtafutie leso yake. Jana yake tulikuwa tumeitandika kwenye mteremko, tukaketi tumwone Rais Mwai Kibaki akiizindua katiba mpya, na katika msukumano wa kutoka ikabaki huko. Sikuiona. Niliona udongo mtupu palipokuwa na nyasi, chupa za maji kila mahali, maua yamelala kana kwamba yamepitiwa na ng'ombe. Mzee mmoja, mfanyakazi wa bustani, alikuwa akijaza gunia. Nilimwamkia, nikamuuliza kuhusu leso.

"Katiba mmepata, kijana wangu," akanijibu. "Sasa na mimi nipeni miezi sita bila mkutano."

Nilicheka. Leo sicheki, maana ombi lake ni la haki na ni gumu vilevile.

Uhuru Park ilifunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60, makao ya chama na ya gazeti lake, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua: kwa ofisi za serikali, kwa mabalozi, kwa yeyote aliyeweza kuuliza swali. Akaenda mahakamani, kesi ikatupwa. Wabunge walimkejeli kwa sababu alikuwa ameachika, kana kwamba talaka ndiyo iliyochora ramani ya jengo. Kwenye sherehe za Jamhuri mwaka huo, zilizofanyika bustanini humo humo, Moi alisema mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Wafadhili wakajiondoa, na mapema mwaka 1992 uzio wa ujenzi ukang'olewa.

Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona moja ya bustani hiyo, wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Maathai alikuwa nao. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana ambayo askari yeyote aliyelelewa na mama aliielewa. Walihamia kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara. Shangazi aliwapelekea chai huko. Kona yenyewe ikabaki na jina Freedom Corner.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema mikutano ipigwe marufuku ili nyasi zipone, nasita. Bila bustani, wale mama wangeketi wapi? Ghorofa 60 zisingeondoka mvua za masika zikija. Nyasi hurudi, lakini zikipewa nafasi. Tatizo letu ni kwamba kila mwanasiasa huja na jukwaa lake kabla ya alama za magari ya mwenzake kufutika, na hakuna anayerudi na jembe. Mimi ningeanza na hapo: aliyeita umati alipie mbegu, maji na vibarua, kisha uwanja upumzike kwa muda atakaoutaja mtunza bustani.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Shangazi hakuuliza sana kuhusu leso. Aliuliza kama miti ilikuwa salama.