Picha za ghalani: Namna ya kukagua bidhaa kabla haijaondoka China

MKULIMA wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, anayeagiza pampu ya maji kutoka China kupitia wakala wa ununuzi, huiona mashine yake mara ya kwanza kwenye simu. Mfanyakazi wa ghala huko Guangzhou au Yiwu hukifungua kifurushi, akapiga picha tatu au nne, akazituma kwa mnunuzi na kungoja idhini ya kuisafirisha. Wengi huzitazama kwa sekunde chache, wakajibu "sawa", na hapo ndipo hasara huanzia.

Mitandao kama vile Taobao na 1688 huwauzia hasa wakazi wa China, kwa lugha yao na kwa njia zao za malipo. Wakala humnunulia mteja aliye mbali, huipokea bidhaa katika ghala lake, huiweka pamoja na nyingine alizoagiza mteja huyo, kisha huzituma kwa meli hadi Mombasa au kwa ndege hadi Nairobi. Ifahamike kwamba kazi ya ghala ni kuthibitisha kilichofika, si kupima iwapo kinafanya kazi. Karani wa ghala si fundi wa pampu. Anachojua ni kwamba kifurushi kilikuwa na kitu cha buluu chenye mota.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalizingatii ni muda. Sheria ya China ya kulinda haki za watumiaji, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2013 na kuanza kutekelezwa Machi 15, 2014, humruhusu aliyenunua kwenye mtandao kurejesha bidhaa katika siku saba bila kutoa sababu, isipokuwa bidhaa za aina fulani kama zile zilizotengenezwa kwa maagizo maalumu. Siku hizo huhesabiwa tangu bidhaa inapopokewa. Na anayeipokea ni ghala la wakala, si mnunuzi. Picha zikitumwa siku ya tatu, naye mwenye bidhaa akazifungua siku ya nane baada ya kutoka shambani, haki hiyo imekwisha kumponyoka. Aidha, haki yenyewe ni ya mtumiaji wa kawaida. Anayenunua kwa jumla ili akauze asiitegemee, bali akubaliane na muuzaji mapema. Bidhaa ikishapakiwa melini, gharama ya kuirudisha yaweza kuipita bei yake.

Basi atazame nini? Kwa mashine yoyote, picha ya kwanza ya kudai ni ile ya kibandiko cha mtengenezaji, iliyopigwa karibu hadi tarakimu zisomeke. Umeme wa majumbani Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Mota ya volti 220 kwa kawaida huuhimili, lakini iliyoandikwa 110 itaungua. Iliyoandikwa 380 ni ya umeme wa nyaya tatu za moto, ambao nyumba nyingi hazina. Kwenye kibandiko hicho hicho huandikwa kimo ambacho pampu inaweza kupandisha maji. Hapa pana mtego: kimo cha juu kabisa kinachoandikwa ni kile ambacho maji hukoma kutiririka. Pampu ya mita 40 haitamfaa mwenye kisima chenye maji yaliyo mita 40 chini.

Paneli ya sola ndiyo bidhaa ambayo picha huifichua vizuri zaidi, almuradi mnunuzi aombe ipimwe kwa tepu. Paneli hupimwa nguvu kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, na zilizo bora sokoni hugeuza kuwa umeme takriban moja kwa tano ya mwanga huo au zaidi kidogo. Kwa hivyo mita mraba moja hutoa kiasi cha wati 200 na ushei. Paneli yenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 50 ni nusu ya mita mraba. Ikiwa imebandikwa wati 300, kibandiko hicho ni cha uongo.

Viatu na nguo havina mengi: soli au kiuno kipimwe kwa sentimita, kwani namba za huko hazilingani na za kwetu. Plagi nayo itazamwe. Soketi za Kenya ni za miguu mitatu ya mraba.

Picha ya sanduku lenyewe haipaswi kupuuzwa, kwa maana ndiyo inayoamua nauli. Katika mizigo ya ndege, ujazo hugeuzwa kuwa uzito kwa kugawanya sentimita za ujazo kwa 6,000, na baadhi ya kampuni za vifurushi hugawanya kwa 5,000. Sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20 hata kama mizani inaonyesha kilo nane. Picha ikionyesha hewa tupu ndani, mnunuzi aombe sanduku dogo zaidi.

Hata hivyo, kuna maswali ambayo hayajibiwi kwa picha nzuri. Tangu mwaka 2005, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, na picha za ghalani haziwi badala ya cheti chake. Mbegu huhitaji kibali cha KEPHIS kabla ya kusafirishwa. Nembo maarufu kwenye kiatu cha bei ya kutupa nayo ni onyo: Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 huifanya hatia kuingiza bidhaa ghushi nchini.

Picha zisifutwe baada ya idhini kutolewa. Sanduku likifika Naivasha limebonyea na bomba la pampu limepasuka, picha inayoonyesha bomba zima ghalani huthibitisha kwamba halikutoka kwa muuzaji likiwa bovu, na dai likaelekezwa kwa msafirishaji. Yafaa sanduku nalo lipigwe picha kabla ya kukatwa utepe, mbele ya aliyelileta.