Andika, Lakini Sema Umepata Wapi

Somo la historia katika redio, kwa madarasa ya watu wazima

Ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, fuateni kwa kidole maneno haya yaliyopigwa chapa, huku mkisikiliza. Leo tutazungumza habari za kitabu kikubwa kisichokuwa na karatasi, na jinsi kilivyopata sheria zake.

Tangu zamani watu wamekusanya maarifa ya kila namna wakayatia katika kitabu kimoja. Kitabu cha namna hii huitwa ensaiklopidia. Ndani yake mna habari za nchi, wanyama, magonjwa, wafalme na mashine. Huko Ufaransa, kati ya mwaka 1751 na 1772, Denis Diderot alisimamia ensaiklopidia iliyofika majuzuu 28. Mwaka 1768 nyingine, iitwayo Britannica, ilianza kutolewa katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Vitabu hivyo viliandikwa na watu waliochaguliwa kwa elimu yao. Mtu wa kawaida alikuwa msomaji tu. Akiona kosa, hana budi kungoja kitabu kipigwe chapa upya, pengine baada ya miaka mingi.

Ikaja zama ya kompyuta. Mwaka 2000, Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, walianzisha ensaiklopidia ya intaneti iitwayo Nupedia. Kila makala ilipita hatua saba za kukaguliwa na wataalamu. Kazi ilikuwa safi, lakini ilikwenda mwendo wa kinyonga. Katika mwaka wa kwanza makala zilizokamilika hazikufika 30.

Basi tarehe 15 Januari 2001 walifungua nyingine, nayo ndiyo Wikipedia. Neno “wiki” hapa si zile siku saba tunazozijua. Ni neno la watu wa Hawaii, maana yake “haraka”. Mtu yeyote aliweza kufungua ukurasa, akaongeza maneno, akafuta, akasahihisha. Na kweli ilikwenda haraka: mwaka mmoja ulipokwisha, makala zilikuwa karibu 20,000.

Lakini fikirini shamba moja lililolimwa na watu elfu, wasiojuana, wala hawaonani. Mmoja anapanda mahindi, mwingine anayang’oa apande mihogo. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliandika jambo asubuhi, adhuhuri mwenzake akalifuta, jioni yule wa kwanza akalirudisha. Hapo ndipo sheria zilipohitajika, nazo zikatungwa moja moja, kila ugomvi ukileta fundisho lake. Tutazame nne.

Sheria ya kwanza: usiegemee upande. Kama watu wanabishana juu ya jambo, eleza kila upande unasema nini, wala usiwe wakili wa upande mmoja.

Sheria ya pili: sema umepata wapi. Kila neno linaloweza kutiliwa shaka liwe na kitabu, gazeti au maandishi mengine ya kuaminika ambayo msomaji aweza kuyatafuta akajionea mwenyewe.

Sheria ya tatu: usilete fikira zako mpya. Hata kama umegundua jambo la ajabu, kwanza litangazwe mahali pengine, likaguliwe, ndipo liingie humo.

Sheria ya nne ilikuja mwaka 2004: katika saa 24, mtu asitangue kazi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu. Akizidi, aweza kuzuiwa asiandike. Aende kwenye ukurasa wa majadiliano, akazungumze na mwenzake.

Sisi tuna methali isemayo, “Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.” Barazani methali hiyo ina kazi yake. Katika ensaiklopidia haikubaliki. Humo lisemwalo na watu halitoshi, huulizwa, “Limeandikwa wapi, na nani?”

Sasa sikilizeni kisa cha mzee mmoja, mjue kwa nini swali hilo ni zito.

Huko Marekani palikuwa na mwandishi wa habari, jina lake John Seigenthaler. Mapema katika miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi na ndugu yake Rais John Kennedy. Mwaka 1961, katika mji wa Montgomery, alipigwa mpaka akazimia alipojaribu kuwaokoa vijana waliokuwa wakipinga ubaguzi wa rangi katika mabasi. Robert Kennedy alipouawa mwaka 1968, Seigenthaler alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Mwezi wa Mei 2005, mtu asiyetaja jina aliandika katika Wikipedia kwamba Seigenthaler aliwahi kudhaniwa kuwa na mkono katika mauaji ya ndugu hao wawili. Ulikuwa uongo mtupu. Hapakuwa na kitabu wala gazeti lililotajwa. Hata hivyo uongo huo ulikaa miezi minne hivi, ukisomwa na watu, na mzee mwenyewe hana habari. Alikuwa na umri wa miaka 78. Alipojua, aliandika malalamiko yake katika gazeti la USA Today, tarehe 29 Novemba 2005.

Baadaye aliyeandika alijitokeza. Alisema alikuwa akimtania mwenzake wa kazini. Aliacha kazi yake kwa ajili ya jambo hilo. Seigenthaler hakumshitaki, bali alimwombea kwa mwajiri wake arudishwe kazini.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Sheria ya kusema umepata wapi ilikuwapo tayari kabla ya uongo huo kuandikwa. Haikukosekana sheria; alikosekana mtu wa kuuliza. Sheria haina macho. Macho yake ni msomaji.

Baada ya kisa hicho, Wikipedia ya Kiingereza ilikaza kamba. Desemba 2005 iliamuliwa kwamba asiyejiandikisha asianzishe ukurasa mpya. Ikawekwa pia sheria maalumu juu ya watu walio hai: neno baya lisilo na ushahidi lifutwe mara moja, bila kungoja majadiliano. Nayo kumbukumbu ya ukurasa huhifadhi kila badiliko, siku yake na saa yake, ili mtu aweze kufuata nyayo.

Hapa pana ugumu unaotuhusu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na mjuzi wa Kiswahili yeyote aweza kuiandikia. Lakini historia nyingi ya vijiji vyetu imo vichwani mwa wazee, haijapigwa chapa. Kwa sheria ile ya pili, mjukuu hawezi kuandika, “Babu aliniambia,” hata kama babu alisema kweli. Je, sheria ni mbaya? La. Ingalegezwa kwa ajili ya babu mkweli, ingekuwa imelegezwa pia kwa ajili ya yule mtani wa mwaka 2005. Dawa ni kuandika. Habari za mzee zichukuliwe akiwa hai, jina lake na tarehe zitajwe, zilinganishwe na za wazee wengine, kisha zitolewe katika kitabu au gazeti. Hapo zitakuwa na mahali pa kuonyeshwa kwa kidole.

Kazi hiyo haingoji maprofesa. Anayeweza kusoma ukurasa huu aweza kuianza kwa daftari na kalamu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Nupedia ilikwenda pole pole, na Wikipedia haraka?

2. Kama sheria ilikuwapo, kwa nini uongo juu ya Seigenthaler ulikaa miezi minne?

3. Tajeni habari moja ya mahali penu ambayo haijaandikwa. Nani anaijua? Nani kati yenu atakwenda kumwuliza?

Kwaherini, wasikilizaji, na mwalimu awaongoze katika maswali.