Upigaji picha msituni Gombe

Upigaji picha msituni Gombe ni upigaji wa picha za miti, mabonde na wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, Tanzania, kwa kutumia mwanga wa jua peke yake. Hifadhi hiyo iko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, na hufikiwa kwa mashua, kwa kawaida kutoka Kibirizi. Inajulikana duniani kutokana na utafiti wa sokwe mtu ulioanzishwa na Jane Goodall mwezi Julai 1960. Picha zilizotoka hapo zimewafanya watu wengi waamini kwamba wanaufahamu msitu wa Gombe, ingawa nyingi kati ya zile mashuhuri hazikupigwa ndani ya msitu mnene.

Mwanga wa Gombe

Eneo la nchi kavu la hifadhi ni dogo, takriban kilomita za mraba 35, lakini lina mwinuko mkali. Kutoka ziwani, ambako ni mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi hupanda hadi kwenye kingo za milima zenye zaidi ya mita 1,500. Vijito kama Kakombe na Mkenke vimechimba mabonde yanayoelekea magharibi. Chini ya mabonde hayo kuna msitu wa kijani kibichi wenye miti mirefu, mitambaazi na michikichi. Kwenye miteremko kuna miombo na mibula. Juu kabisa ni nyasi.

Kwa sababu ya umbo hilo, jua la asubuhi hulazimika kwanza kuvuka milima iliyo mashariki. Kigoma iko mbali magharibi ndani ya ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kufika juu kabisa karibu saa saba mchana, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Bondeni mionzi ya kwanza inaweza kuchelewa kwa muda mrefu zaidi, na mpiga picha anayefuata mazoea ya pwani atafika mapema mno. Jioni mambo hugeuka: jua hushuka upande wa Kongo, likiwa limeelekea moja kwa moja kwenye mabonde, na mwanga wake wa manjano huingia chini ya matawi ambako mchana haukufika. Ni jua lilelile la magharibi linalowavuta watu ufukoni Ujiji na Kigoma wakati wa machweo, ila Gombe faida yake iko nyuma ya mtazamaji, kwenye vigogo vya miti.

Mchana ndio wakati mgumu. Mapema Machi na mapema Oktoba jua hupita karibu na utosini, na paa la majani huacha vitone vya mwanga mkali katikati ya giza. Kamera haiwezi kushika vyote viwili: ama vitone vinakuwa vyeupe tupu, ama vivuli vinakuwa vyeusi tupu. Siku ya mawingu ni bora zaidi. Katika misitu ya miti mirefu ya pwani ya California wapiga picha hungojea ukungu wa baharini ili kulainisha mwanga. Gombe kazi hiyo hufanywa na mawingu ya msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kiangazi njia hupitika kwa urahisi zaidi, lakini moshi wa nyasi zinazochomwa hutanda, na mara nyingi milima ya ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa.

Historia

Mwaka 1961 Judy, mdogo wake Goodall, alikuja kupiga picha, kwani ilihofiwa kwamba mgeni angewatia hofu sokwe. Mwaka 1962 shirika la National Geographic lilimtuma Hugo van Lawick (1937–2002), Mholanzi aliyezaliwa Surabaya. Picha zake ziliambatana na makala ya Goodall katika gazeti la shirika hilo la Agosti 1963, na filamu zake zilitumika katika kipindi cha televisheni cha mwaka 1965. Saa zaidi ya 100 za mikanda yake ziliibuka tena baadaye na kuwa msingi wa filamu *Jane* (2017) ya Brett Morgen.

Filamu za rangi za miaka ile zilihitaji mwanga mwingi. Kodachrome II, iliyotolewa mwaka 1961, ilikuwa na kipimo cha ISO 25. Kamera ya leo ikiwekwa ISO 3200 huhitaji mwanga mara 128 pungufu. Chini ya miti filamu kama hiyo ilidai muda mrefu wa kufungua shata, na sokwe hakai akitulia. Kambini hali ilikuwa tofauti. Sokwe aliyeitwa David Greybeard alianza kuja huko kula chikichi, kisha ndizi, na wengine wakamfuata. Sehemu kubwa ya picha maarufu ni za uwanja huo wa wazi. Ulishaji huo ulibadili mwenendo wa sokwe, ukalaumiwa kwa kuongeza ugomvi, na baadaye ukakomeshwa.

Mbinu

Manyoya meusi ya sokwe huidanganya kamera: yakijaza picha, kamera huyafanya ya kijivu, mnyama akiwa mbele ya anga, hubaki kivuli kitupu. Wengi hupima mwanga kwenye gome la mti au nyasi zilizo kwenye kivuli hichohicho, kisha huacha mipangilio hiyo bila kuibadili. Rangi ya kijani inayoakisiwa na majani huingia hata kwenye nyuso, na hurekebishwa kwa urahisi iwapo picha imehifadhiwa kama faili ghafi. Stendi ya miguu mitatu inafaa kwa miti na maporomoko ya Kakombe, lakini ni mzigo usio na faida kwenye miteremko wakati wa kuwafuata sokwe.

Flashi hairuhusiwi. Wageni pia hutakiwa kukaa angalau mita 10 kutoka kwa sokwe, kwa kuwa magonjwa ya binadamu, hasa ya njia ya hewa, huwaambukiza na yameshawaua.

Picha kama ushahidi

Gombe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Moto ulipodhibitiwa, miti iliongezeka ndani ya mipaka, na baadhi ya sehemu zinazoonekana kama nyasi katika picha za zamani sasa zimefungwa na vichaka. Nje ya mipaka ilikuwa kinyume: picha za setilaiti tangu miaka ya 1970 zinaonyesha vilima vya vijiji jirani vikipoteza misitu, jambo lililochangia kubuniwa kwa mradi wa TACARE mwaka 1994. Anayetaka kurudia leo picha ya mtazamo wa mwaka 1962 kutoka kilimani mara nyingi hukuta majani mbele ya lenzi.