Askari Anayenaswa Njiani

Mwenye kitabu na akifungue. Asiye na kitabu asogee karibu na mwenzake.

Tuseme wewe na jirani yako mmekaa barazani, mnacheza sataranji. Unamsogeza askari wako wa miguu hatua mbili, naye anasimama ubavuni mwa askari wa jirani. Mara jirani anamwondoa askari wako, na wa kwake anamweka katika chumba kitupu nyuma ya pale aliposimama wako. Utapiga kelele: "Ala! Unaniibia mchana!" Lakini hakukuibia. Sheria hiyo ipo, ila wachezaji wengi hawaijui, na urafiki wa miaka mingi huweza kuharibika hapo.

Basi sheria hii ilitoka wapi? Neno letu sataranji tulilipata kwa Waarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Wahindi waliuita mchezo huu chaturanga, yaani jeshi la sehemu nne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Katika mchezo wa zamani askari alikwenda hatua moja tu, siku zote. Aliyetaka kupita mbele ya askari wa adui ilimpasa kwanza asimame katika chumba ambacho adui aliweza kumpiga.

Mchezo ulipofika Ulaya, watu waliona unakwenda polepole mno. (Nadhani hawakuwa na subira ya wazee wetu wa bao.) Wakampa askari ruhusa ya kwenda hatua mbili anapoondoka mara ya kwanza. Hapo ndipo matata yalipoanza, maana sasa askari aliweza kuruka chumba cha hatari na kumpita adui bila ya kupigwa. Ruhusa iliyotolewa kwa ajili ya haraka ikawa njia ya kukwepa.

Dawa yake ikapatikana. Padre mmoja wa Hispania, Ruy López, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1561: askari akiruka hatua mbili na kumpita askari wa adui, adui aweza kumpiga kana kwamba alikwenda hatua moja tu. Ndiyo sababu jirani yako aliweka askari wake katika kile chumba ulichokiruka.

Lakini haki hii ni ya mara moja tu. Wasikilizaji wa Chole watanielewa upesi. Kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, serikali ya Wadachi ilikuwa na boma lake Chole. Fikiri jahazi linapita mbio mbele ya boma. Mlinzi akilifuata papo hapo, atalikamata. Akilala mpaka asubuhi, jahazi limekwisha fika Rufiji. Na jirani yako ni vivyo hivyo: asipompiga askari wako katika zamu inayofuata, haki yake imekwisha. Tena ni askari wa miguu tu awezaye kupiga hivyo. Farasi hawezi, wala mfalme.

Waitalia waliikataa sheria hii kwa muda mrefu. Kwao askari alipita salama. Mgeni aliyecheza na Mwitalia bila ya kuulizana kwanza aliweza kugombana naye, na kila mmoja akawa na haki kwa desturi ya kwao. Mwaka 1880 ndipo Waitalia nao walipokubali.

Sasa mwalimu wenu atachora vyumba 64 ubaoni. Nanyi chukueni chaki, mchore sakafuni. Kokoto ziwe askari weupe, makaa yawe askari weusi. Wekeni kaa moja katika safu ya tano, mkihesabu kutoka upande wake. Kisha sogezeni kokoto ya ubavuni hatua mbili. Nani ataiondoa, na kaa litakaa wapi? Jaribuni mara tatu. Kwaherini.