Reli Chini ya Matairi

Dereva anayesimamisha lori juu ya reli hapa Tunduma, akateremka kwenda kutafuta chai, amekalia jasho la watu. Reli ya TAZARA ilifika mpakani hapa tarehe 27 Agosti 1973 ikitokea Dar es Salaam, karibu kilomita 970, kisha ikavuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, na kushika njia ya New Kapiri Mposhi. Marehemu baba yangu alianza kama kibarua wa kubeba kokoto upande wa Vwawa, akaajiriwa kwenye genge la njia, akastaafu akiwa bado mtu wa genge. Mimi ni mwalimu wa historia. Nikipita kivukoni asubuhi na kukuta matairi yamekalia chuma, nawafikiria wanafunzi wanaovuka pale, namfikiria na dereva wa treni anayeteremka kutoka Mpemba, na hasira inanipanda. Ila tabia hii haikuanza jana, na anayetaka kuiondoa ajue kwanza ilivyoingia.

Tunduma ni mji wa njia. Mpaka wenyewe ni wa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, uliokata nchi ya Wanyamwanga katikati, ndugu hawa wakabaki huku na hawa kule. Kwa miaka mingi palikuwa mahali pa kupita tu. Kilichopaamsha ni siasa za kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilitegemea reli za kusini, ikajikuta imekabwa. Mafuta yalianza kupitishwa barabara ya kaskazini, iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mwaka 1966 serikali zetu mbili zilianzisha kampuni ya malori ya pamoja, na Fiat za Kiitaliano zikawa zinapita hapa na mapipa kwenda, na shaba kurudi. Wazee wa mji bado wanaeleza jinsi lori lilivyozama hadi kwenye ekseli, kijiji kizima kikatoka na majembe kulikwamua. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola, na lami ikafuata miaka michache baadaye.

Kwa hiyo hapa lori ndilo la kwanza kuzaliwa, na treni ni mdogo wake. Nalisema hili kwa sababu madereva wetu hulihisi hata wasipolitamka: barabara ni yao, na reli ni kitu kilichokuja kuwakatisha njia.

Mdogo huyo alilelewa kwa heshima kubwa. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuijenga zikidai haitalipa. China ikakubali kwa mkataba uliotiwa saini Beijing Septemba 1967, ikatoa mkopo usio na riba, na kazi ikaanza Oktoba 1970. Mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, Waafrika wapatao 38,000 na Wachina wapatao 13,500 walikuwa njiani. Baba alikuwa mmoja wa hao. Wachina kadhaa waliokufa kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Julai 1976 reli ilikabidhiwa rasmi, yote kilomita 1,860.

Miaka hiyo hakuna aliyethubutu kuegesha kitu juu ya njia. Genge la baba lilikuwa na kipande chake, na kila siku mmoja wao alikitembea kwa miguu, spana begani, akikaza kilicholegea na kutazama kama kuna taruma lililopasuka. Mbuzi akikutwa anachunga ndani ya tuta, alipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, na mwenyewe akaenda kumkomboa huko mbele za watu. Mama zetu walianika mahindi uani, hawakuanika relini ingawa kokoto zile zilikuwa kavu na safi kuliko ua. Treni zilipita mchana na usiku. Mtoto wa pale Vwawa alijua kwa mlio wa honi kama ni ya abiria au ya mizigo, kama kichwa kinapanda au kinateremka. Sikio lililofundishwa hivyo halihitaji bango.

Sheria nayo ilikuwepo. Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30, ilitungwa mwaka 1973, mwaka uleule chuma kilipofika hapa, na kila aliyekaa darasa la udereva amefundishwa kwamba kwenye kivuko cha reli huingii mpaka uone upande wa pili kuna nafasi ya kulitosha gari lako lote, na tela lake. Si sheria ngumu kuielewa.

Kilichoharibika ni treni zenyewe kuadimika. Mwaka 1978 Zambia ilirudisha biashara ya reli ya kusini. Mwaka uliofuata mafuriko yaliharibu njia, na Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la Chambeshi. Njia ikatengenezwa, lakini baada ya Afrika Kusini kufunguka miaka ya 1990 mizigo ilipata bandari nyingine na barabara nzuri. Reli iliyoundwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 mwaka wa fedha 2014/15. Vichwa vilikufa, mishahara ikachelewa, magenge yakapunguzwa, nyasi zikafunika kokoto. Mtoto aliyezaliwa Tunduma miaka hiyo alikua akiiona reli kama kichochoro. Watu walipita juu yake kwenda sokoni, wakatandaza nyanya na mitumba kandokando, na siku treni ilipotokea walikusanya vitu vyao bila haraka, wakarudisha ikishapita. Nani angewalaumu? Walichojifunza kilikuwa kweli kwa siku nyingi za juma.

Na huku treni zikipungua, malori yaliongezeka: shaba ya Zambia na ya Katanga, mafuta, mbolea, magari ya mitumba. Foleni ikawa inalala kilomita kadhaa nje ya mji, utingo wakipika ugali chini ya tela. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Kilisaidia, lakini mji ulishakuwa umejaa. Eneo lote tupu lilikuwa limejengwa gesti, duka au ghala, na kipande pekee kilichobaki wazi, kimenyooka, hakina mwenye nyumba wa kudai kodi, kilikuwa njia ya reli. Lori likaingia hapo kama maji yanavyoingia mtaroni. Bajaji na bodaboda zikafuata, kisha mikokoteni.

Nimegombana na shemeji yangu juu ya hili. Ni dereva wa lori, mtu mwema, amesomesha watoto kwa usukani.

"Mwalimu," aliniambia, "nina tani thelathini mgongoni. Askari wa huku ananiambia toa gari, wa mbele ananiambia usiingie. Nililaze wapi, kichwani?"

"Sawa, shemeji. Na treni ikija ilale wapi?"

"Treni inapiga honi. Nitatoa."

Hapo ndipo nilipomwambia aliyonifundisha baba. Lori lililozimwa huchukua muda kujaza upepo wa breki kabla halijakubali kutoka. Treni ya mizigo, hata ikiwa polepole, hukimbia mamia ya mita tangu breki ziliposhikwa hadi kusimama, kwa sababu chuma juu ya chuma hakina mshiko wa tairi juu ya lami, na haina usukani wa kukwepa. Dereva wa treni akishaliona lori, kilichobaki mikononi mwake ni breki, honi na dua.

Kuna ambalo shemeji hakulijua kabisa, na wengi hawalijui. Kutoka chuma hadi chuma ni milimita 1,067, lakini behewa lina upana wa karibu mita tatu. Maana yake ubavu wa treni umetokeza kama mita moja kila upande. Anayeegesha hatua moja pembeni ya reli, akajiona mstaarabu, bado yumo njiani mwa treni. Mama aliyeweka beseni la dagaa hapo naye yumo.

Kuna na madhara yasiyoonekana. Kwenye kivuko huachwa upenyo ndani ya kila reli ili ukingo wa gurudumu la treni upite. Matairi ya lori husukumia humo tope na mawe, jua linayakausha, yanakuwa saruji. Gurudumu likikutana nayo linaweza kuinuka na kuiacha reli. Baba na wenzake walikuwa wakipiga magoti na vyuma vyao kuchokoa ule upenyo. Kivuko ambacho magari hulala juu yake hakichokoleki.

Mji kubanana na reli si jambo la Tunduma peke yake. Zanzibar, reli ya Bububu iliyoanza mwaka 1905 ilipita katikati ya mitaa myembamba ya mjini, watu wakibanana kwenye kuta kuipisha. Dar es Salaam, treni za abiria za mjini zilipoanza Oktoba 2012, moja ikitumia njia ya TAZARA, vivuko vilivyozoea ukimya vilibidi vizoee upya honi za asubuhi na jioni.

Zamu yetu inakuja. Septemba 2024, Beijing, mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi Jinping, zilitiwa saini hati za makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kampuni ya Kichina ya CCECC inatarajiwa kuwekeza dola za Marekani bilioni 1.4 katika mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha reli. Lengo ni kufikisha mzigo wa tani milioni 2 kwa mwaka na zaidi. Nafurahi, kwa ajili ya baba na kwa ajili ya barabara zetu zinazomumunywa na malori. Ila furaha hiyo ina hofu ndani yake, maana treni hizo zitaingia katika mji ambao sikio lake limesahau.

Nadai mageti yenye walinzi wa usiku na mchana kwenye vivuko vyote vya mjini, na uwanja wa kulaza malori nje ya mji wenye maji, vyoo na bei ambayo dereva ataimudu, kabla treni hazijaongezwa. Faini peke yake hazitatosha kwa mtu asiye na pengine pa kwenda. Shemeji siku hizi analaza gari Mpemba, nje ya mji, anaingia mjini kwa bajaji kufuatilia karatasi zake, na nauli anaitoa mfukoni mwake.