Mpangilio maalumu wa orodha (hifadhidata)

Mpangilio maalumu wa orodha ni mwonekano wa rekodi za hifadhidata ambao mtumiaji huuunda mwenyewe: huchagua safuwima, huamua mfuatano wake, huchuja rekodi na kuziweka katika makundi. Data yenyewe haibadiliki, hivyo jedwali moja laweza kuwa na orodha nyingi.

Kwa mfano, katika Kaunti ya Garissa nchini Kenya, mpangilio wa orodha za watu hutegemea sana muundo wa majina ya Kisomali. Jina kamili la Kisomali kwa kawaida lina sehemu tatu: la mtu, la baba na la babu. Orodha ikifuata jina la mwisho, baba na mwanawe hutengana, kwa kuwa jina la kila mmoja huishia na la babu yake. Ndiyo maana hufaa kuweka safuwima tatu za majina na kukusanya watu kwa namba ya kaya. Vilevile, katika kambi za Dadaab zilizo katika kaunti hiyo (kama vile Ifo, Dagahaley na Hagadera), wakimbizi husajiliwa kwa kaya.

Katika afya, Kenya ilisambaza nchini kote mwaka 2011 programu huria ya takwimu za afya iitwayo DHIS2, iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ndani yake, takwimu za vituo vya afya vya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera huweza kupangwa kwa kaunti ndogo, kituo au mwezi.