Mafuta ya Kichwa Yaliyochafua Viti vya Ulaya

Sebule nyingi za Kenya na Tanzania hazikamiliki mpaka makochi yavishwe vitambaa. Hufumwa kwa mkono, hufuliwa na kupigwa pasi sikukuu ikikaribia, na mgeni akiinuka tu mwenye nyumba huvinyoosha. Wachache wanajua kwamba huko Uingereza, katika karne ya 19, vitambaa vya namna hii vilikuwa na kazi moja: kuzuia mafuta ya vichwa vya wanaume yasiharibu viti.

Mafuta yenyewe yaliitwa Macassar. Alexander Rowland, kinyozi wa London, ndiye aliyeanza kuyauza mwishoni mwa karne ya 18, akayapa jina la bandari ya Makassar iliyoko kisiwa cha Sulawesi, Indonesia ya leo. Matangazo yake yaliahidi nywele nyingi, laini na zenye kung'aa. Yalivuma mpaka mshairi Byron akayatania katika utenzi wake Don Juan mwaka 1819. Kilichokuwa ndani ya chupa kilibaki siri ya kinyozi, ila ilisemekana ni mafuta ya mimea ya mashariki, ya nazi au mawese, yaliyonukishwa kwa maua ya mlangilangi.

Bibi yeyote wa Pemba angecheka kusikia kwamba hiyo ni siri.

Mlangilangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Huko Ufilipino na katika visiwa vya Indonesia, watu walikuwa wakiloweka maua yake katika mafuta ya nazi na kujipaka mwilini na kichwani zamani kabla Rowland hajashika wembe. Mti ulipofika huku kwetu ulikuta mambo yako tayari. Nazi ilikuwa ikikunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa na kubandikwa motoni mpaka maji yakauke, mafuta yaelee juu na mabaki ya kahawia yatulie chini ya sufuria. Hapo ndipo huingia asumini, waridi au langilangi, na chupa ikawekwa siku kadhaa harufu ikolee. Maua yaliyobaki yalifungwa vikuba vya kuvaa kichwani au kifuani. Salme binti Said, bintiye Sultani Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, alieleza jinsi wanawake wa majumba ya Unguja walivyoshughulikia manukato kama jambo la kila siku, si la harusi peke yake.

Na nazi haikuwa chombo cha kubebea harufu tu; ilipunguza pia makali yake. Mafuta halisi ya langilangi yakipakwa bila kuchanganywa huweza kuwasha ngozi na kuleta mzio; sheria za Ulaya sasa zinadai baadhi ya viambata vyake vitajwe kwenye lebo. Wanaouza vichupa vya "asilia tupu" madukani siku hizi wangefanya vema kumwambia mteja ayachanganye kwanza.

Ulaya haikutosheka na maua yaliyolowekwa. Katika miaka ya 1860 Wajerumani waliokuwa Manila walianza kuyachemsha maua kwa mvuke na kukusanya mafuta yake safi, na kwa miaka mingi Ufilipino ndiyo iliyotawala soko. Kisha Wafaransa wakaupanda mti huo katika makoloni yao ya Bahari ya Hindi: Réunion, Nosy Be ya Madagaska, na visiwa vya Komoro. Mwaka 1921 Ernest Beaux alipotunga marashi ya Chanel No. 5, langilangi ilikuwa mojawapo ya harufu zake kuu.

Komoro ndiko hadithi inakonoga, na ndiko inakochukiza. Léon Humblot, Mfaransa aliyefika Ngazija mwaka 1884 akikusanya mimea, mwaka uliofuata alipata kwa Sultani Said Ali wa kisiwa hicho mkataba uliompa haki ya kutumia ardhi ya kisiwa. Mwaka 1893 Said Ali alipelekwa uhamishoni; Humblot alibaki na mashamba mpaka alipofariki mwaka 1914. Kisiwani Nzwani ilitamba kampuni ya Bambao, iliyokuwa na mkono wa kina Chiris, wenye viwanda vya manukato mjini Grasse. Kwa hiyo wenye mashamba, wanunuzi na watengenezaji wa marashi walikuwa karibu watu wale wale, na mwenyeji akabaki na kibarua.

Kibarua hicho hakijabadilika sana. Mlangilangi ukiachwa huenda juu mita 15 na zaidi, hivyo shambani hukatwa kilele na matawi yake kuinamishwa mpaka mti uwe wa kimo cha mtu. Wachumaji, wengi wao wanawake, huingia kabla jua halijapanda, kwa sababu ua hunukia zaidi alfajiri, na huchuma yale tu yaliyoiva rangi ya manjano. Lazima yaingie mtamboni siku hiyo hiyo. Kilo 100 za maua hutoa kama kilo mbili za mafuta.

Moto huwaka kwa muda wa saa 18 hadi 24. Mafuta ya mwanzo, yanayotoka katika saa chache za kwanza, ndiyo daraja la juu na huenda kwenye marashi. Yanayofuata hushuka thamani kila saa, mpaka yale ya mwisho yanayoishia kwenye sabuni. Mnunuzi hupima msongamano wa mafuta kwa kipimo maalumu na bei hutegemea namba hiyo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1975 mashamba makubwa yalimegeka, na leo sehemu kubwa ya maua hutoka kwa wakulima wadogo. Komoro bado ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Lakini saa zote hizo za moto ni kuni, na Nzwani ni kisiwa kidogo chenye watu wengi. Miteremko yake imekatwa miti, na mito kadhaa iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Tanuri zinazokula kuni chache zipo. Tatizo ni kwamba mwenye mtambo hulipwa kwa kilo na kwa daraja, na malipo hayo hayamwongezei hata senti kwa mti alioubakiza mlimani.